Mshenga wa Kitabu Changu

Akiingia nyumba ya watu, Mshenga alitafuta kiti kibovu kuliko vyote. Akipewa sofa alisema mgongo wake haujazoea ulaini. Akipewa kiti cha plastiki kizima alikisogeza kando, akavuta kigoda, au ndoo, au kinu akakilaza. Niliwahi kumwuliza sababu.

"Mtu aliyekaa pabaya mwenyeji humwonea haya," alisema. "Akimwonea haya, humsikiliza. Na akitaka kumkatalia, humkatalia kwa upole."

Kwa namna hiyo ya kukaa aliozesha wasichana wengi wa mtaa wetu wa Msambweni, wengine akawapeleka mpaka Jego kwa waume ambao alikwisha kuwachunguza mwenyewe. Kwetu kijana haendi kujiposea. Humtuma mtu mzima anayejua kusema, na huyo ndiye mshenga: hupeleka neno, huleta neno, na njiani hulilainisha. Jina lake halisi nalijua, lakini nikiliandika hapa watu wa kwetu watauliza ni nani huyo.

Kazi yake ya mchana ilikuwa makuti. Aliyanunua kwa kina mama waliokuwa wakiyasuka vijijini, akayapeleka Diani na Galu kuezekea mahoteli. Akifika uani kwa mtu kuhesabu makuti, jicho moja lilikuwa kwenye makuti na la pili kwenye nyumba: nani amekua, nani amerudi kutoka Mombasa, mama wa nani anaumwa na anatamani kumwona mjukuu. Alikuwa mrefu, mwembamba, kofia yake imefuliwa mpaka nakshi zimefifia, na alikuwa na tabia ya kusafisha koo mbali sana na mlango, ili kama kuna ugomvi ndani watu wapate muda wa kuumaliza.

Alijisifu kwamba hajawahi kusema uongo kwa wakwe. Alichagua maneno tu. Kuhusu kijana mvivu alisema hana papara. Kuhusu msichana mwenye ulimi mkali alisema nyumba yake haitaingiwa na mwizi. Siku moja mama mmoja alimkuta njiani akamshika kanzu.

"Mshenga, mbona hukutuambia huyu mkwe halali nyumbani?"

"Mama, nilikuambia ni mtu wa marafiki."

"Ulisema!"

"Sasa wewe ulidhani marafiki ndio wanaokuja kwake?"

Yule mama alicheka huku bado amekunja uso, na kanzu akaiachia. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alikukosea, kisha akakuchekesha, na ukifika kwako ndipo unakumbuka kuwa ulikuwa umekasirika.

Yeye mwenyewe alioa mara tatu na mara tatu aliachwa. Wake wawili wa kwanza alijiposea, hakumtuma mtu, na alilisema jambo hilo kama mtu anayesimulia jinsi alivyojing'oa jino kwa koleo. Binti yake, aliyekuja kukaa naye uzeeni, aliniambia kuwa baba yake, ambaye nje hakufunga mdomo, nyumbani aliweza kukaa kutoka alfajiri mpaka isha akasema neno moja tu, nalo ni chumvi.

Nilimjua vizuri mwaka tuliofiwa. Baba alitangulia, mama akafuata, nami nilikuwa kidato cha pili. Nyuma yangu walikuwapo wawili, Bakari na Mwanamisi. Ilipokwisha arobaini ya mama, wazee wa ukoo walikaa uani ili watugawe. Bakari aende Matuga kwa ami yetu, Mwanamisi apelekwe kwa shangazi, mimi niende Mombasa nikafanye kazi kwa jamaa. Tulikuwa tumesimama jikoni tunasikia. Mwanamisi alikuwa amelishika dera langu kwa mikono miwili.

Tukasikia mtu anasafisha koo kule barabarani. Mshenga hakuwa wa ukoo wetu, ingawa mama alipougua alikuja kumjulia hali. Aliingia, akasalimia mmoja mmoja, akakilaza kinu cha mama na kukikalia.

"Mshenga, leo hapa hapana posa," ami yetu alimwambia. "Tuna msiba."

"Nalijua hilo. Lakini nimetumwa."

"Na nani?"

"Na watoto hawa. Wameniomba niwaposee nyumba yao wenyewe."

Mzee mmoja alicheka bila kutaka. Ami akasema, "Haya, na mahari yao ni nini?"

"Watapika wenyewe, watafua wenyewe, na hawatakuja kwenu kuomba. Watakuja sikukuu kuwaamkieni tu." Akaelekeza mkono jikoni, akasema, "Na huyu mkubwa ameacha shule. Mnataka mahari gani zaidi ya hiyo?"

Hakuwa ameniuliza. Mimi mwenyewe nilikuwa bado sijamwambia mtu. Lakini lilikuwa ndilo nililokwisha kuliamua kule jikoni, nikishikwa dera, na sikujua kama nimshukuru au nimchukie kwa kulitoa nje kabla yangu. Wazee walitazamana. Tulibaki pamoja.

Nilifanya kazi za kufua majumbani, baadaye nikapata kazi ya dobi katika hoteli moja ya Galu, na huko niko mpaka leo. Nawaambia haya ili muelewe kwa nini, jambo langu kubwa lilipokuja, nililiweka mikononi mwake.

Jambo lenyewe lilikuwa kitabu. Nilikiandika kwenye simu, mashine za mashuka zikiwa zinazunguka. Ni hadithi ya watoto watatu waliobaki peke yao, ambao kila mgeni akibisha hujifanya baba yao yumo ndani. Wakati naanza, Bakari alikuwa amekwenda Qatar kulinda mageti, na Mwanamisi alikuwa ameolewa Jego, Mshenga ndiye aliyekwenda na kurudi mpaka posa ikakamilika. Nyumba ilibaki na mimi. Nikirudi kazini naikuta kama nilivyoiacha, kikombe mahali pake, hakuna aliyegusa kitu. Niliona kwamba ile miaka yetu tukiwa watatu chini ya paa moja, tukicheka na njaa, haina shahidi. Nikifa mimi imekwisha. Hiyo ndiyo sababu niliandika, na ndiyo sababu sikuweza kukiacha kikae ndani ya simu.

Nilikwenda Mombasa kwa wachapishaji. Mlangoni niliambiwa kwa adabu kwamba hawapokei mswada kutoka kwa mtu wasiyemjua. Dada wa mapokezi pale hotelini, mtu wa bara, mcheshi, ndiye aliyenifungua macho.

"Siste, wewe unahitaji ejenti."

"Ejenti wa nini? Mimi siuzi nyumba."

"Wa kitabu! Wakala. Hao mapablisha hawasomi meil za watu wa mtaa. Ejenti ndiye anajuana nao, anakupigia debe, wakikubali anakata kitu kidogo. Wako Nairobi, wako Dar. Si wengi, lakini wapo. Nitakutafutia majina."

Alinitafutia. Jumapili nilimkuta Mshenga, ambaye tangu siku ile ya kinu nilimwita ami, anapanga makuti, nikamwamkia, nikamweleza. Wakala ni mtu anayekichukua kitabu chako, anakwenda kukisemea kwa watu wasiokujua, na asipofanikiwa halipwi kitu.

Aliweka kuti chini. "Huyo ni mshenga."

"Ndiyo, ami, ni kama mshenga."

"Si kama. Ndiye. Unakwenda kutafuta mshenga Nairobi na mimi niko hapa?"

"Ami, wachapishaji wanawataka wale wanaowajua."

Alifikiri. Kisha akasema kwa uso wa mtu aliyepewa cheo, "Basi nitakuwa mshenga wa kwenda kwa washenga."

Sikuona ubaya. Nani aliyekuwa na ulimi kuliko wake? Mimi nikiongea na mtu wa ofisini natokwa jasho viganjani. Yeye alikuwa amepeleka posa hata nyumba zenye mbwa.

Lakini alikuja na kanuni zake zote. Kwanza, mlango mmoja kwa wakati mmoja. Dada wa mapokezi alishika kichwa.

"Babu, watu hutuma kwa maejenti kumi kwa mpigo!"

"Kumi? Msichana mmoja, nyumba kumi? Na wakikubali wawili, uso wangu niutie wapi?"

"Babu, hiki ni kitabu, si msichana."

"Ndivyo wanavyoanza kuwaharibia wasichana jina," alinijibu mimi, kana kwamba yeye hayupo.

Kanuni ya pili, msichana hakai chumba anachosemewa. Alipokuwa akipiga simu alikwenda nyuma ya nyumba, penye lundo la makumbi ya nazi, nami nikaagizwa nikatie chai. Nilisikia sauti yake tu ikipanda na kushuka, na vipande vya salamu. Alimwuliza wakala hali yake, na ya nyumbani kwake, na mvua ya Nairobi, na kama wazee wake wako hai, na kama hawako aliwaombea dua kwa ukamilifu. Wengine walikata kabla hajafika kwenye kitabu. Yeye alirudi akisema, "Wana shughuli nyingi, watu wa watu. Tuwape nafasi."

Kanuni ya tatu ndiyo iliyonishangaza. Hakukisoma. Nilitaka kumpa nakala niliyochapishiwa karatasini kule Ukunda, akarudisha mkono nyuma kama aliyepewa kaa la moto.

"Mshenga hamtazami bibi harusi. Nikimtazama nitampenda au nitamdharau, na yote mawili yataharibu maneno yangu. Wewe ni mtu mwema na umekilea mwenyewe. Hayo yananitosha."

Mawakala waliotaka kuona sura za mwanzo niliwatumia mimi kwa barua pepe, na majibu yalirudi kwenye simu yangu. Hata hivyo alisisitiza kuniletea majibu kwa mdomo, maana ndiyo kazi yake. Mimi nilikuwa nimekwisha kusoma: hakitufai. Yeye alikaa kwenye ndoo yangu ya maji na kusema, "Wanakusalimu sana. Wamesema mwaka huu wana wageni wengi." Nikasema, "Ahsante, ami." Ilikuwa kama kutazama mtu akifunga maua kwenye jeneza.

Sikatai, kulikuwa na mahali alipoona vizuri. Mtu mmoja alijiita wakala, akasema kitabu ni kizuri mno, nitume ada ya kukifungulia mlango. Nilifurahi hadi nikaketi chini. Mshenga alicheka. "Anataka ada na hata jina la msichana hajauliza? Huyo hana mlango wa kukupeleka." Nikamwuliza mtu huyo alipenda nini hasa ndani ya kitabu. Hakujibu tena.

Mlango mmoja kwa wakati mmoja ni kitu kirefu. Kila wakala alikaa na kitabu miezi, na miezi hiyo sikuwa mtu. Nilikuwa nikitoa mashuka kwenye mashine kwa mkono mmoja, wa pili umeshika simu. Niliunguza foronya nikisubiri ukurasa ufunguke, msimamizi akanionya mbele ya wenzangu. Nilifika mahali nikawa naiogopa simu yangu mwenyewe. Ikilia, naigeuza kifudifudi juu ya mashuka. Isipolia, ni vibaya zaidi. Mwanamisi alipiga kutoka Jego akauliza, "Dada, kitabu chetu kimefika wapi?" Alisema chetu. Nikamwambia kiko njiani, nikakata haraka ili asinisikie ninavyopumua.

Kisha wakala mmoja wa Nairobi aliandika kuwa amezipenda sura, akataka kitabu chote. Nilikituma siku hiyohiyo. Mshenga alinywa chai yangu akijipepea kwa kofia. Tukasubiri. Mwezi, miezi. Ramadhani ikaja, ikaisha, idi mbili zikapita, hakuna neno.

"Ami, tumwandikie mwingine," nilimwambia.

"Kwa nini? Huyu amekwisha kukubali."

"Hajasema kitu."

"Ndiyo. Amenyamaza." Alinitazama kwa huruma, kama mtoto asiyejua mambo. "Mwanangu, mimi nimesimama nje ya milango mingapi? Msichana anaulizwa na walii wake, mwenye kumwozesha, umeridhia? Akichukia, analia, anakimbilia uani, anapiga kelele. Akiridhia, ananyamaza. Na ukimya huo ndio tunaotoka nao kwenda kufunga ndoa. Mtu ameomba kitabu chote, amekiweka ndani, amenyamaza. Hiyo ni ridhaa."

Dada wa mapokezi alikuwa amekuja kunitembelea siku hiyo. "Babu, huyo amekughosti."

"Ameni nini?"

"Amekutema. Amepotea. Kwa meil, kunyamaza ni hapana."

"Haiwezekani," alisema Mshenga kwa utulivu. "Mtu mzima, mwenye ofisi, ashindwe kusema hapana? Neno dogo vile?"

Nilipaswa kumsikiliza yule dada. Lakini Mshenga aliwahi kuirudisha nyumba yetu kwa maneno dhaifu kuliko hayo, na mtu aliyechoka hukiamini kile kinachompa mapumziko. Nilitaka iwe ridhaa. Nikalala juu ya neno hilo karibu mwaka.

Ndipo alipokuja mama mmoja wa Dar es Salaam. Alikuwa mgeni wa hoteli, amekuja kupumzika na mumewe, na dada wa mapokezi, ambaye haachi kumwuliza mgeni anafanya kazi gani, aligundua kuwa ni wakala wa vitabu. Akamweleza habari zangu hapohapo kaunta. Mama akasema, "Mwambie anipe nikisome ufukweni." Mimi nilikuwa zamu ya mchana, mikono imo kwenye sabuni, sikujua. Aliyekuwapo ni Mshenga, ameleta makuti ya kibanda cha baa. Dada akamwita kwa furaha: babu, njoo, njoo uzungumze.

Mama alimwonyesha kiti cha mto. Yeye akaketi kwenye ngazi.

Alimsalimia vizuri, dada aliniambia. Alimwuliza habari za Dar zote. Kisha akasema, "Mama, tumefurahi mno, ila sitakudanganya. Binti ameshaposwa." Na akamtajia yule wakala wa Nairobi.

Mama alisema, "Basi, hongera zake." Aliacha namba yake, maana alikuwa mstaarabu, na siku ya pili wakaondoka.

Nilimfuata Mshenga nyumbani kwake nikiwa bado na aproni ya kazini. Hiyo ndiyo mara pekee niliyompandishia sauti mtu aliyenizidi umri.

"Ami, umemwambia nini yule mama?"

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo. Umemwambia nini?"

"Marahaba. Nimemwambia ukweli. Ulitaka niposee mara mbili? Kesho huyu wa Nairobi akisikia..."

"Huyu wa Nairobi hajui hata kama nipo duniani!"

"Punguza sauti, mwanangu. Watu watasema."

"Waseme! Wamesema nini miaka yote hii? Nimekupa kitu kimoja, ami. Kimoja! Sikuolewa, sikusoma, sina kingine. Hicho ndicho nilichokuwa nacho, nawe umekikalia kama kile kinu."

Mtu ambaye hakukosa neno hata mbele ya walevi wenye mapanga, alikaa akizitazama kucha zake. Kisha akasema polepole, "Sijawahi kuvunja ahadi ya watu wawili kwa ajili ya kupata wa tatu. Sijui inafanywaje."

Dada wa mapokezi alipiga simu Nairobi mwenyewe, kwa ile sauti yake ya kazini. Akaambiwa yule wakala aliacha kazi zamani, na maandishi aliyoyaacha hakuna aliyeyarithi. Kitabu changu hakikuwa kimekubaliwa wala kukataliwa. Hakuna aliyekifungua.

Nilikwenda nikakaa kwenye chumba cha kukaushia nguo, kwenye joto lile, maana pale mtu akilia anaonekana anatoka jasho.

Baada ya hapo hatukuonana muda mrefu. Nilisikia sukari imemzidi, nikasikia amekatwa mguu, nikatuma matunda kwa binti yake na sikwenda. Nilijaribu kuandika kwa mawakala wengine peke yangu. Ilinishinda mara nyingi. Niliandika salamu, nikafuta. Niliandika jina la kitabu, nikaona kama najipaka wanja mbele ya wanaume. Namba ya yule mama wa Dar, ambayo dada alinipa, niliona haya kuipiga. Yaliyobaki kwenye majina ya yule dada niliyaandikia hatimaye, yakaisha moja moja, mengine kwa jibu fupi, mengine kwa kimya, na kimya sasa nilikijua ni nini.

Binti yake ndiye aliyeniita. Alisema, "Baba anakuuliza. Njoo na kile kitabu."

Nilimkuta kwenye kitanda cha kamba chumbani, shuka limelala bapa pale ambapo mguu ulipaswa kuwa. Uso ulikuwa umekuwa mdogo. Nilimwamkia, akaniitikia, akauliza habari za kazi, na za Bakari, na za Mwanamisi na wanawe, na za mashine ya hoteli iliyokuwa mbovu. Hakuacha hata moja.

"Nimekuita nikuambie kwamba nimeacha kazi," alisema. "Kuanzia leo mimi si mshenga wako. Umeelewa?"

"Nimeelewa, ami."

"Sasa naruhusiwa kumtazama bibi harusi. Macho yamekwisha, wewe nisomee."

Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikafungua sura ya kwanza. Ni pale mtoza kodi ya maji anapobisha, watoto wanaweka viatu vya baba mlangoni, na yule wa kiume anaambiwa akohoe kwa sauti nzito. Anakohoa kupita kiasi. Mtoza kodi anaingiwa na hofu, anasema mgonjwa huyu ni wa kifua kikuu, anakimbia na kusahau baiskeli yake, na watoto wanakaa wiki nzima wakiipanda.

Nilisikia kitanda kinatikisika. Nilidhani ameshikwa na kitu. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka binti yake akaja mlangoni na upawa mkononi.

"Ni Bakari huyo," alisema akijifuta macho. "Wallahi ni Bakari. Endelea. Hapana, ngoja." Akatulia. "Hiki kitabu kinachekesha."

"Ndiyo, ami."

"Chote?"

"Sehemu kubwa."

"Mimi niliwaambia ni cha kilio," alisema. "Wote. Niliwaambia ni yatima, wameteseka, ukikisoma utalia siku tatu. Nilidhani mtu atakionea huruma." Alitazama dari ya makuti. "Nimekwenda kuposea msichana mwingine, mwanangu. Miaka yote hii."

Niliihesabu milango ile kichwani, mmoja baada ya mwingine, na kwenye kila mmoja nilimwona mtu akifungua sura ya kwanza akitafuta machozi, akikuta mtoto anakohoa.

"Namba ya yule mama wa Dar unayo?" akauliza.

"Ninayo. Ami, ni muda mrefu."

"Mpigie. Weka sauti nje, ukae hapahapa usikie."

Nilipiga. Mama alipokea. Na Mshenga, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuuliza habari za mvua.

"Mama, mimi ni yule mzee wa makuti wa Galu, niliyekaa kwenye ngazi. Nilikuambia binti ameposwa. Hakuwa ameposwa. Nilikosea mimi, si yeye. Na kitabu chake kinachekesha. Nimekisikia leo, nimecheka na mimi nina mguu mmoja. Nakuomba ukisome."

Mama akasema, taratibu, kwamba anamkumbuka vizuri. Kwamba alitamani sana kukisoma siku zile. Lakini tangu hapo macho yake yamepungua, kazi ameiachia, hasomi tena miswada ya mtu, na hana wa kumkabidhi. "Kwa hivyo hapana, mzee wangu," alisema. "Naona afadhali nikuambie hapana wazi. Na mwambie binti asiache."

"Nimepokea, mama. Allah akulipe. Akurudishie macho yako."

Nilizima simu.

"Umesikia?" Mshenga aliniuliza. "Amekataa."

"Nimesikia."

"Alivyokataa vizuri! Kumbe watu bado wanajua." Akafumba macho, nikadhani amechoka, nikaanza kukusanya karatasi. Akanishika kifundo cha mkono. "Unakwenda wapi? Hapo ulipoishia."

Nilifungua sura ya pili nikaitazama. Hiyo inarudi nyuma, kabla ya viatu mlangoni, kwenye wiki ile mama alipokuwa akifa.

"Ami, hii haichekeshi. Ni wiki aliyokufa mama," nilimwambia.

Akavuta shuka mpaka kifuani.

"Najua," alisema. "Nilikuwapo. Soma."